Fuata mizinga kwanza: jinsi ya kumtafuta ofisa kijana aliyekufa kwenye vita ya wenyewe kwa wenyewe Marekani

Wengi wakianza kumtafuta ofisa kijana wa mizinga aliyeuawa kwenye ile vita ya Marekani ya 1861 hadi 1865 wanaanza na jina lake. Wanalisachi onlaini wanapata aya tatu zinazofanana kila mahali, kijana, jasiri, alikataa kurudi nyuma, akafa kando ya mzinga wake, basi. Afu wanakwama hapo. Mimi nilikwama hivyo hivyo na Alonzo Cushing, yule luteni wa Kaskazini aliyekufa kwenye mapigano ya Gettysburg, Pennsylvania, tarehe 3 Julai 1863, mpaka nilipoacha kumfuata yeye nikaanza kuifuata mizinga yake. Ndo maana naandika hii, na nitamtumia huyo huyo Cushing kama mfano, ila njia ni ile ile kwa yeyote wa vita ile.

Sababu ni rahisi. Makaratasi ya jeshi hayakuandikwa ili wewe leo umjue mtu, yaliandikwa ili mtu wa stoo ajue farasi wangapi wamekufa, risasi ngapi zimepigwa, nani analipwa mshahara. Kila kitu kimewekwa kwa jina la kikosi. Ukishajua kikosi, mlango umefunguka.

Kwa hiyo kazi ya kwanza kabisa, andika jina kamili la kikosi chake. Cushing alikuwa Battery A, 4th U.S. Artillery, yaani kikosi A cha rejimenti ya nne ya mizinga. Hiyo U.S. inakwambia ni jeshi la kudumu la serikali, sio vikosi vya kujitolea vya majimbo, kumbuka hilo maana litatusumbua mbele. Rejimenti za mizinga za jeshi la kudumu zilikuwa tano, kila moja imegawanywa kwa herufi kuanzia A mpaka M, na herufi J hawakuitumia kwa sababu kwa mwandiko wa mkono inafanana sana na I, hivyo ukikutana na Battery J ya jeshi la kudumu ujue kuna mtu kasoma vibaya sio wewe umegundua kitu. Vya majimbo vinaandikwa kwa jina la jimbo, mfano 1st Rhode Island Light Artillery. Upande wa Kusini, yaani majimbo yaliyojitenga, ni vurugu zaidi, kule kikosi kiliitwa sana kwa jina la kapteni wake au la sehemu walikotoka, kapteni akifa au akipanda cheo jina linabadilika, askari wale wale, mizinga ile ile. Weka majina yote pembeni kwenye karatasi moja, utayahitaji kila unaposachi, na sachi kwa Kiingereza, usijisumbue na lugha nyingine kwa hatua hii.

Afu ukubwa wa kikosi. Kikiwa kamili upande wa Kaskazini kilikuwa na mizinga sita, kila mzinga unavutwa na farasi sita, na kila mzinga una gari lake la risasi lenye farasi sita wengine. Luteni mmoja anasimamia mizinga miwili, kapteni anasimamia yote. Sasa hapa ndo swali zuri la kwanza linajitokeza lenyewe: Cushing alikuwa luteni, ana miaka 22, mbona anaongoza kikosi kizima? Sio kosa la uandishi. Makapteni wengi wa jeshi la kudumu walichukuliwa wakapewa vyeo vikubwa kwenye vikosi vya kujitolea, vijana waliotoka chuoni juzi wakaachiwa mizinga. Usiandike "alipewa uongozi kwa sababu ya kipaji chake" kabla hujaangalia kapteni wake alienda wapi. Kipaji kinaweza kuwepo, sikatai, ila kwanza kulikuwa na kiti kitupu.

Kuhusu chuo, kama mtu wako alipita West Point, chuo cha maofisa wa jeshi la Marekani, una bahati sana. Kuna rejista ya wahitimu ambayo wanaoifuatilia huita Cullum, imeskaniwa, inapatikana bure, na kila mhitimu ana namba yake na maelezo mafupi ya kila alikopangiwa. Cushing alizaliwa 19 Januari 1841 Delafield, Wisconsin, baba yake akafa mapema, mama akahamia na watoto Fredonia, New York. Akaingia West Point 1857 akamaliza Juni 1861 akiwa wa 12 kati ya 34. Wa 34, yaani wa mwisho kabisa, alikuwa George Custer, yule yule aliyekuja kuwa jenerali maarufu. Angalia pia rekodi za makosa ya nidhamu, West Point walikuwa wanaandika kila kosa, kuchelewa foleni, vifungo vichafu, kelele usiku. Custer peke yake alikusanya alama 726 za makosa. Huko ndo unamkuta kijana akiwa kijana, maana kwenye ripoti za vita wote wanaonekana kama sanamu.

Sasa lile jambo la jeshi la kudumu. Ukienda Hifadhi ya Nyaraka za Taifa ya Marekani, iwe kwa barua au onlaini, utakuta kila mtu anakuelekeza uombe faili la utumishi la askari. Mafaili yale yalitengenezwa kwa askari wa kujitolea. Ofisa wa jeshi la kudumu hayumo humo, na watu wanakaa wiki nyingi wakisubiri jibu afu wanaambiwa hakuna rekodi, wanadhani ilipotea au iliungua. Haikuungua. Yeye yuko kwenye barua zilizopokelewa na ofisi ya mkuu wa utawala wa jeshi, kundi la nyaraka namba 94, na kwenye ripoti za mwezi za kikosi chake. Unaona tunarudi pale pale, kikosi.

Hatua inayofuata ndo tamu zaidi, na ndo watu wengi wanaikosea. Kuna mkusanyiko mkubwa wa ripoti na barua za vita ile, pande zote mbili, serikali ilianza kuuchapisha 1880 ikamaliza 1901, vitabu 128. Wote wanauita Official Records. Umeskaniwa wote. Gettysburg ipo mfululizo wa kwanza, juzuu ya 27, ambayo yenyewe ni sehemu tatu. Mtu anafungua faharasa, anatafuta ripoti ya Cushing, hakuna, anafunga.

Bila shaka hakuna. Aliyekufa haandiki ripoti.

Kwa hiyo panda ngazi moja juu. Kikosi chake kilikuwa chini ya brigedi ya mizinga ya kori ya pili (kori ni kundi kubwa la jeshi), na mkuu wa brigedi ile alikuwa kapteni John Hazard. Hazard aliishi, na aliandika. Alikuwa na vikosi vitano pale, vya Arnold, Brown, Cushing, Rorty na Woodruff. Soma hayo majina tena. Brown alijeruhiwa, Cushing akauawa, Rorty akauawa, Woodruff akajeruhiwa akafa kesho yake, akabaki Arnold peke yake. Mimi nilipofika hapo niliacha kumuona Cushing kama kisa cha pekee. Woodruff nae alikuwa kijana wa West Point waliomaliza pamoja 1861, alikufa kwenye mstari ule ule, na mtandaoni hana hata robo ya sifa za mwenzake. Ukifuata jina moja haya huyaoni.

Ukimaliza hapo nenda pembeni, soma majirani. Askari wa miguu waliokuwa mbele ya mizinga yake walikuwa chini ya Alexander Webb, soma ripoti yake. Mkuu wa mizinga yote ya jeshi lile alikuwa Henry Hunt, soma yake pia, huyo mzee alikuwa na hasira na majenerali wa miguu walioingilia mizinga yake na hasira zake zina faida kwako maana anaeleza mambo ambayo wengine wamenyamazia. Halafu vuka upande wa pili. Aliyesimamia mizinga ya Kusini kwenye yale mashambulizi ya mchana alikuwa Edward Porter Alexander, kanali wa miaka 28. Waliokuwa wanakulenga wanajua mambo ambayo wenzako hawakuyaona.

Kitu kimoja kuhusu saa. Ripoti moja itasema mizinga ilianza saa saba mchana, nyingine saa nane kasoro, nyingine kitu kingine, usichanganyikiwe na wala usimwite mtu mwongo. Saa rasmi ya pamoja ilikuja kwenye reli za Marekani 1883, kabla ya hapo kila mtu na saa yake mfukoni. Gettysburg kulikuwa na profesa wa hesabu, Michael Jacobs, aliyeandika kwamba ilianza saa 7 na dakika 7, na wengi wameshikilia hiyo kwa sababu angalau yeye hakuwa anapigwa. Wewe panga matukio kwa mfuatano, hiki kabla ya kile, dakika achana nazo.

Halafu jifunze mzinga wenyewe. Hapa najua kuna watakaoruka, msiruke. Cushing alikuwa na mizinga sita ya chuma ya inchi 3, ile yenye mistari ndani ya mtutu inayozungusha kombora. Mzinga huo ni hodari kwa mbali, zaidi ya kilomita moja unalenga vizuri. Ila adui akifika chini ya mita 350 hivi, mchezo unabadilika, hapo unaingiza kopo la bati lililojaa vigololi vya chuma, linapasuka likitoka, mzinga unageuka kuwa bunduki moja kubwa ya kuwindia ndege. Kwa kazi hiyo ya karibu mizinga ya shaba yenye mtutu laini na mpana ilikuwa bora kuliko yake. Kwa hiyo unaposoma kwamba aliomba ruhusa kwa Webb asogeze mizinga iliyobaki mpaka kwenye ukuta wa mawe, unaelewa ni uamuzi wa namna gani, sio ushujaa hewani tu. Kikosi kilikuwa kimebomolewa na yale mashambulizi ya mizinga kabla hata askari wa Kusini kama 12,500 hawajaanza kutembea kuja kuushambulia ukuta ule. Wapigaji walikuwa wamepungua mpaka askari wa miguu wa 71st Pennsylvania wakaingia kusaidia.

Na hapo ndo unaweza kupima zile hadithi. Utasoma kwamba Cushing aliziba tundu la nyuma la mzinga kwa kidole gumba kitupu mpaka kikaungua hadi mfupa. Watu wanairudia kama picha nzuri. Sasa ukijua kazi ya mzinga unajua kila mzinga ulikuwa na mtu wa namba tatu ambae kazi yake ni hiyo, kuziba tundu wakati wenzake wanasafisha na kushindilia, ili hewa isipite ikaamsha cheche zilizobaki ndani baruti ikalipuka ikaondoka na mikono ya mwenzako, na alivaa kifuko cha ngozi kwenye gumba. Kwa hiyo swali lako halitakuwa "kweli au uongo", litakuwa: namba tatu wa mzinga ule alikuwa wapi, kifuko kilikuwa wapi, na nani alisema hili kwanza na mwaka gani? Maswali kama hayo yanakupeleka mahali.

Mwaka gani, hilo liandike kwa wino mwekundu. Mimi nina daftari lenye safu nne, nani kasema, alisimama wapi, alisema mwaka gani, na alikuwa anataka nini aliposema. Safu ya nne ndo inauma. Shahidi mkubwa wa kifo cha Cushing ni sajenti wake wa kwanza, Frederick Fuger, mzaliwa wa Ujerumani. Ndie aliyemshikilia bosi wake aliyekuwa ameshajeruhiwa begani na tumboni kwa chini, sauti imeisha, anamnong'oneza amri Fuger anazipiga kelele, mpaka risasi ya tatu ilipoingia mdomoni. Maofisa wote hawapo, Fuger akashika kikosi. Ni shahidi wa karibu kuliko wote, na simulizi lake refu lilichapishwa zaidi ya miaka 40 baadae. Simtuhumu. Ila mtu akisimulia kitu kwa miaka 40 kinakuwa kimeshapigwa pasi, kwa hiyo kama ana maneno ya awali soma ya awali kwanza, ya mwisho baadae, na ona nini kimeongezeka.

Na usidharau mahakama. Wazee wa 72nd Pennsylvania walipotaka kuweka mnara wao karibu kabisa na ukuta, wenye kusimamia uwanja wa vita wakakataa, ikawa kesi mpaka mahakama kuu ya jimbo, uamuzi ukatoka 1891. Ili waamue mnara ukae wapi ilibidi wazee wengi waseme kwa kiapo nani alisimama wapi siku ile na mizinga ya Cushing ilikuwa wapi. Wamegombana vizuri sana. Nyaraka chache za vita ile zina ugomvi wenye faida kama huo.

Mama. Hapa nitakaa kidogo. Sheria ya pensheni ya Julai 1862 iliruhusu mama aliyekuwa anategemea mwanae kuomba pensheni mwana akifa vitani. Ila lazima athibitishe kwamba kweli alikuwa anamtegemea, na njia rahisi ya kuthibitisha ilikuwa kupeleka barua za mwanae zinazosema nimekutumia hela kadhaa mama. Barua zenyewe, sio nakala, na nyingi hazikurudishwa, zimo mpaka leo ndani ya mafaili ya pensheni, kundi namba 15. Kwa ofisa kijana ambae hajaoa hili ndo faili la kuomba kabla ya lolote, omba kwa jina la mama sio la mwana peke yake. Kwa wa Kusini haipo hivi, serikali kuu haikuwalipa, pensheni zao zililipwa na majimbo na zilikuja baadae sana, kwa hiyo huko unatafuta kwenye hifadhi ya jimbo husika.

Wakati mwingine familia ndo imeandika. Bayard Wilkeson, luteni wa Battery G ya rejimenti ile ile ya nne, miaka 19, aliumia mguu tarehe 1 Julai akafa usiku ule. Baba yake Samuel alikuwa mwandishi wa New York Times, akafika kuripoti mapigano akakuta maiti ya mwanae, na ripoti yake ya gazeti aliiandika akiwa nayo pembeni. Ipo, unaweza kuisoma. Isome na uikumbuke safu ya nne, baba huyo alikuwa na hasira kwamba mwanae aliwekwa mahali pabaya, na huenda alikuwa sahihi.

Kwa Cushing ni kaka na mdogo wake. William alikuwa mwanamaji, ndie aliyezamisha meli ya chuma Albemarle Oktoba 1864, na Howard aliuawa na Waapache huko Arizona 1871. Tahadhari basi, faili lenye jina Cushing linaweza kuwa la ndugu, angalia herufi za mbele kila mara, mimi nimeshanukuu ya William nikidhani ni ya Alonzo, nikafuta kurasa mbili.

Wa Kusini wana tatizo lao. Chukua John Pelham wa Alabama, ofisa wa mizinga, aliacha West Point 1861 wiki chache kabla ya kumaliza, akawa maarufu kwenye mapigano ya Fredericksburg Desemba 1862, akauawa Kelly's Ford 17 Machi 1863 akiwa na miaka 24. Huyo ameimbwa na kuandikwa mpaka huoni mtu tena, kazi kubwa ilifanywa baada ya vita na watu waliotaka Kusini ionekane safi. Ripoti za kikosi zinasaidia sana kupunguza asali. Na usiogope kuandika wazi kwamba jeshi alilolitumikia lilikuwa linalinda utumwa, haimpunguzii alichofanya na mizinga, inaeleza alikifanya kwa ajili ya nini.

Kaburi na medali fanya mwishoni, ni rahisi na zinakudanganya ukianza nazo. Cushing amezikwa West Point, karibu na jenerali John Buford, kwenye jiwe kuna maneno ya kwamba alikuwa mwaminifu hadi kifo. Cheo cha luteni kanali utakachokuta kimeandikwa ni cha heshima tu, alikufa akiwa luteni, usije ukaandika kanali wa miaka 22. Medali ya juu kabisa alipewa 6 Novemba 2014, miaka 151 baadae, baada ya bunge kuondoa kikomo cha muda, na baada ya bibi mmoja mkazi wa Delafield kuwaandikia wabunge barua tangu 1987. Sajenti Fuger alipewa yake 1897, alikuwa hai kuipokea.

Ukienda uwanjani, au ukiangalia picha za uwanja, soma bamba la kikosi. Ya jeshi la kudumu yameandikwa kavu kabisa, mizinga mingapi, ilisimama wapi, hasara. La Battery A linahesabu 38, waliouawa 6 na waliojeruhiwa 32. Simama pale kwenye ukuta uangalie magharibi kule walikotokea, ni kama kilomita moja na kidogo, wazi yote, afu geuka nyuma uhesabu hatua mpaka pale mizinga ilipoanzia asubuhi. Hatua hizo ndo zile alizoomba ruhusa kwa Webb.

Na ukifika hapo usifunge daftari, omba ripoti ya kikosi ya mwezi Agosti. Nani anaongoza sasa, mizinga mingapi imebaki, farasi wamepata wapi wengine.